Kipimo cha Ntusi

Nilifika Ntusi katikati ya kiangazi, ramani kwapani,
vigingi themanini, kipima-usawa cha miguu mitatu,
na amri iliyogongwa muhuri Kampala:
chimba bwawa, sawazisha tuta.

Tuta lenyewe nililiona kama kichuguu kilichozeeka,
nyasi kavu, mifupa ya ng'ombe, vigae vya vyungu
vikilia chini ya kiatu.
Rwamwojo alikuwa ameshawasha tingatinga.

Chuoni nilisoma maji ya wafu wenye majina.
Nilichora matao ya Warumi kwa penseli mbili, ngumu na laini;
nilikariri bwawa la Marib, lilivyosimama na lilivyovunjika;
Wamisri na nguzo yao ya kupimia Nile,
Nile hii hii, inayotoka kwetu bila kuaga.
Mtihani uliuliza: Taja watu wa kale waliotawala maji.
Nikataja. Nikapata themanini na moja.
Ntusi haikuulizwa, nami sikuikosa.

Kenyangi alikuja na fimbo yake na kundi lake,
akasimama mbele ya tingatinga
kama mtu anayesubiri duka lifunguliwe.
"Hapo mlipochora," akasema, "maji hayapapendi.
Yanapita huku."
Akaonyesha kwa mdomo, maana mikono ilikuwa imemshika ndama.

Nikacheka kidogo, kicheko cha mwenye cheti.
Kisha, ili tu nimalize ubishi,
nikasimika miguu mitatu, nikafumba jicho moja.

Kigingi cha kwanza. Cha pili. Cha tisa.
Tuta lilifuata usawa wa bonde
kama uzi unavyofuata sindano,
likipinda ardhi inapopinda,
likishuka upana wa vidole vitatu kwa hatua mia,
basi, si zaidi,
hadi kwenye beseni lililofukiwa na karne za vumbi.
Nikarudia. Nikafuta lenzi kwa shati. Nikarudia.
Jua likanichoma kisogo, namba zikabaki zile zile.

Nani alikushikia kamba, fundi usiye na jina?
Ulipimia nini? Kibuyu kilichojaa nusu?
Au jicho la mtu aliyelala kifudifudi
akisoma mgongo wa ardhi alfajiri?
Hukuacha herufi. Uliacha mteremko,
na hiyo ndiyo lugha niliyolipiwa karo niisome.

Niliandika barua Kampala. Wakajibu kwa mstari mmoja:
Fungu la mabadiliko halipo.
Basi tukahama kimya kimya, hatua arobaini kuelekea magharibi.
Ramani ikakunjwa. Rwamwojo akajifanya hakusikia.
Tukafukua beseni lao; tuta hatukuligusa.

Mtambo wa kushindilia ukafa siku ya tatu.
Spea iko Mombasa, wakasema,
wakalitamka jina hilo kama la marehemu.
Udongo wa mfinyanzi ukabaki umelegea kama uji,
na mawingu yakaanza kujipanga upande wa Katonga.

Kenyangi hakuuliza. Alipiga mluzi.
Bihogo akatangulia, Gaaju akafuata, pembe zikipishana,
wakazunguka ndani ya shimo, wakazunguka,
kwato zikikanda, zikikanda,
tangu umande hadi giza, siku nne.
Nami nimekaa ukingoni, kofia ya plastiki magotini,
nikihisi kuna mtu mwingine kaketi hapo,
mwenye matope hadi mapajani,
anayehesabu mizunguko kwa lugha nisiyoijua
na haoni cha kushangaza.

Mvua ilishuka Ijumaa. Maji yakaingia bila kuuliza njia.
Jumatatu yalikuwa pale pale;
alama kwenye kijiti changu
hayakuipungukia hata kidole.

Fomu ya kukabidhi kazi ina safu inayosema
Mtambo uliotumika kushindilia.
Nimejaza kwa wino: ng'ombe sitini na wanne.
Inayofuata, Jina la mhandisi,
nimeiacha wazi.